Amana ya Mzungu wa Mbao

Nani aliyewaambia wazungu wawili kwamba kwenye midomo ya Rufiji kuna mawimbi ya kuchezea, watu wa Mchungani hawajui mpaka leo. Walifika mwezi wa saba, upepo wa kusi umekaza, ndani ya boti ya kukodi iliyotoka Nyamisati, na mizigo mirefu imefungwa kwenye mifuko ya kung'aa. Watoto walikimbia wakidhani ni maiti. Kumbe ni mbao za kusimamia juu ya maji. Mtu anatoka Ureno, anapanda ndege mbili, anakodi gari mpaka Kibiti, anakodi boti, ili asimame juu ya ubao nusu dakika kisha aanguke. Watu wa Mchungani wana shughuli nyingi na bahari, lakini hiyo hakuna aliyewahi kuifikiria.

Mkubwa aliitwa Duarte, wa pili alikuwa mdogo wake. Aliyewaleta ni Ashrafu, kijana wa Dar es Salaam ambaye kazi yake ni kutembeza wageni na kuwatafsiria. Boti ilikuwa ya tajiri mmoja wa Nyamisati, na nahodha wake alikuwa Bashiru, mwenyeji wa Mchungani. Mipango yote ilikwisha kupangwa huko Kibiti: boti imelipiwa, mafuta yamelipiwa, wageni watalala siku tano kwenye hema katika kisiwa cha mchanga kule mdomoni, na mke wa Bashiru atawapikia nyumbani, chakula kipelekwe kila siku. Kwa kazi hiyo angepata shilingi laki moja na elfu ishirini. Mwanawetu, mke wa Bashiru, aliposikia laki na ishirini alimwuliza mumewe mara mbili kama amesikia vizuri.

Kabla hawajaenda kisiwani, Duarte alikuja mpaka uani kwa Mwanawetu na bahasha ya kaki mkononi. Ashrafu alimweleza.

"Mama, huyu bwana kadi zake zikishapita Kibiti ni plastiki tu. Laini ya simu ya hapa hana. Kwa hiyo jana kule Kibiti katoa keshi ya safari nzima, ya hapa na ya Mafia wanakokwenda baadaye. Milioni mbili. Sasa kule kisiwani maji yanaingia mpaka kwenye hema. Anauliza utamshikia?"

Hakuna aliyeshangaa kwamba ameulizwa yeye. Hapo kijijini, ukiwa na kitu cha kuwekwa, unampelekea Mwanawetu. Sanduku la kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa lilikaa chini ya kitanda chake mwaka wa sita sasa. Hati ya shamba la jirani ilikuwa kwake, hereni za mjane mmoja zilikuwa kwake, hata pasipoti ya kijana aliyeoa Mafia ilikuwa kwake. Hakuwa tajiri wala hakuwa na cheo. Alikuwa na hilo tu, kwamba kitu chake ni chake na cha mtu ni cha mtu, na alijivunia hilo kuliko wengine wanavyojivunia nyumba.

"Nitamshikia," alisema. "Ataikuta."

Duarte alifungua mdomo wa bahasha akaanza kutoa noti. Alionyesha kwa vidole kwamba wahesabu pamoja. Mwanawetu alicheka, akaweka kiganja chake juu ya mkono wa mgeni, akazirudisha noti ndani.

"Mwambie siye kwetu amana hatuihesabu mbele ya mwenyewe. Nikihesabu ni kama namwambia mwenzangu simwamini. Mie nimepewa bahasha, nitarudisha bahasha."

Ashrafu alitafsiri. Mgeni alisimama akimtazama yule mama, uso ukamlainika, akaweka mkono kifuani. Alisema kitu kirefu.

"Anasema kwao hakuna watu kama nyinyi," alisema Ashrafu. "Haya mama, sisi tuwahi, maji yanapwa."

Mwanawetu alikunja mdomo wa bahasha, akaiweka ndani ya sanduku lake la bati, chini kabisa, akafunga kufuli. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga. Kwa siku tano alipika wali, samaki, mchicha wa nazi na chapati, na kwa siku tano hakuligusa sanduku lile.

* * *

Walirudi siku ya sita asubuhi, wameungua nyuso, wanacheka. Mawimbi walikuwa wameyapata. Mwanawetu aliwatandikia mkeka ukumbini, akawapa chai na vitumbua, kisha akaenda kuleta bahasha. Aliitoa kwa mikono miwili. Ilikuwa vilevile, mkunjo wake juu ya mkunjo.

Duarte alishukuru. Alitaka kumlipa ya chakula palepale, basi akamimina noti juu ya mkeka na kuzipanga mafungu mafungu ya laki. Alipofika mwisho alisita. Akazikusanya, akazihesabu tena. Mdogo wake akazihesabu. Ashrafu naye akazichukua, akalamba kidole, akahesabu haraka haraka kwa sauti ya chini.

"Milioni moja na laki sita," alisema.

Bashiru, aliyekuwa mlangoni na kikombe, aliacha kunywa.

Duarte alitoa simu yake. Alikuwa na ujumbe wa benki ya kwao, mmoja mmoja, wa siku ile ya Kibiti. Mashine ya pale haitoi zaidi ya laki nne kwa mara moja, kwa hiyo alitoa mara tano. Jumbe tano zilikuwa pale kwenye kioo, kila mmoja laki nne. Alimwonyesha Ashrafu, na Ashrafu akamwonyesha Mwanawetu ingawa maandishi yalikuwa ya Kireno.

"Mama, ona. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Milioni mbili hiyo. Hapa kuna ishu."

"Ishu gani?"

"Laki nne haipo."

"Haipo vipi? Bahasha si hiyo? Mie sikuifungua."

"Sasa mama, kama hukuifungua, nani kaifungua?"

Aliuliza kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomchoma Mwanawetu. Alimtazama mzungu. Mzungu alikuwa ameinamisha kichwa, anazipanga noti upya ingawa zilikwisha kupangwa. Alimwambia Ashrafu maneno machache huku akitikisa mkono.

"Anasema tuache," alisema Ashrafu. "Anasema basi, yaishe. Lakini mimi siwezi kuacha. Mgeni akirudi kwao akaandika mtandaoni kwamba Rufiji kaibiwa, mimi sina kazi. Na nyinyi hamtaona mgeni tena hapa. Twendeni ofisini."

"Kaibiwa na nani?" aliuliza Mwanawetu.

Ashrafu alikuwa keshavaa viatu.

* * *

Mwenyekiti wa kijiji, Mfaume, alikuwa mtu mzima mwenye haya, na siku ile haya zake hazikumsaidia mtu. Alimkaribisha mgeni kwenye kiti, Ashrafu kwenye kiti, na Mwanawetu akabaki amesimama kwa sababu viti vilikwisha. Watu walikwisha kujaa madirishani. Habari huko kijijini haisubiri kutangazwa.

"Dada Mwanawetu," alisema Mfaume, "siye tunakujua. Hakuna anayesema umechukua. Lakini fedha ilikuwa mikononi mwako."

"Bahasha ilikuwa mikononi mwangu."

"Na ndani ya bahasha mlikuwa na nini?"

"Nitajuaje, Mwenyekiti? Sikuhesabu."

Mtu mmoja dirishani alicheka. Mwanawetu aligeuka kutafuta ni nani, hakumwona.

"Hukuhesabu," alirudia Mfaume. "Milioni mbili ya mtu, hukuhesabu."

"Mama yako alipoweka kwangu zile hereni zake, nilizihesabu?"

"Hizo ni hereni, dada."

Ikaamuliwa sanduku likaguliwe, ili kila mtu aridhike. Mgambo wawili walilibeba kutoka nyumbani mpaka ofisini, wakaliweka chini katikati ya watu. Mwanawetu alifungua kufuli mwenyewe. Akatoa doti mbili za khanga alizomwekea binti yake Siti kwa siku ya harusi. Akatoa hati ya jirani. Akatoa hereni za mjane, na mjane mwenyewe, ambaye alikuwa mamaye mwenyekiti, alikuwa nje anatazama. Mgambo mmoja akaona Mwanawetu anachelewa, akaligeuza sanduku zima. Vikamwagika vitu ambavyo mwanamke haviweki wazi hata mbele ya dada yake. Karatasi moja iliyozeeka ikaruka mpaka miguuni mwa mgambo, akaiokota, akaisoma kwa sauti kabla hajajua anasoma nini. Ilikuwa talaka ya mume wake wa kwanza, ya miaka ishirini na mbili iliyopita, imeandikwa sababu.

Akaacha kusoma katikati. Sababu walikwisha kuisikia. Mwanawetu alinyoosha mkono, akaichukua karatasi yake, akaikunja.

Laki nne haikuonekana. Duarte alisimama, akasema na Ashrafu kwa sauti ya juu, akionyesha mlango. Alitaka kuondoka. Hakuna shaka kwamba aliona aibu, lakini aibu yake haikujua Kiswahili, na Ashrafu aliyekijua alikuwa na lake la kulinda.

"Mwenyekiti," alisema Ashrafu, "mgeni ana huruma, ndiyo. Lakini tukiiacha hivi, mimi nikifika Kibiti lazima nipitie polisi. Si kwa ubaya. Ni utaratibu wa kazi yetu."

Neno la polisi lilimshtua Mfaume kuliko Mwanawetu. Alishauriana na wazee wawili pembeni, akarudi.

"Dada, na weye Bashiru. Mgeni asitoke hapa ananung'unika. Zile laki na ishirini za chakula zikatwe. Zinabaki laki mbili na themanini. Mkiipata hiyo kabla boti haijaondoka kesho, jambo limekwisha, hakuna polisi, hakuna maneno. Kama kuna mtu alichukua, Mungu anamjua."

"Nilipe nisichochukua?" aliuliza Mwanawetu.

"Unalipa amana iliyopotea kwako. Si wizi huo."

Lakini kila aliyekuwa dirishani alijua ni nini.

* * *

Alasiri ile Mwanawetu aliketi nyuma ya jiko, mbele ya sufuria alizopikia wageni. Zilikuwa hazijaoshwa. Bashiru alikuja akachuchumaa karibu yake. Kwa muda alichora chora chini kwa kijiti.

"Mama Siti."

"Abee."

"Nakuuliza kitu, usikasirike." Alitazama nyuma kama kuna mtu. "Siti anadaiwa ada ya ushonaji kule Ikwiriri. Najua ulikuwa na mawazo nayo. Kama ulichukua, niambie mie. Sitakupiga, sitakuacha. Tuirudishe kimya kimya, tuseme imeonekana. Binadamu hukosea."

Mwanawetu alimtazama mumewe. Walikuwa wameoana miaka kumi na tisa. Akashika ukingo wa sufuria.

"Sikuchukua, Baba Siti."

"Haya."

"Sikuchukua."

"Nimesikia. Haya." Akasimama, akajifuta vumbi magotini. "Basi."

Akaingia ndani. Baada ya kitambo mkewe akasikia mabati yanaburutwa.

Yalikuwa mabati kumi na nne. Bashiru aliyanunua mawili matatu kwa miaka mitatu, kila mpunga ulipouzwa, kila tajiri wa boti alipomlipa, elfu ishirini na saba kila moja, na nauli ya kuyaleta kutoka Kibiti juu yake. Yalikaa yamelazwa ukutani yakingoja kufika ishirini na nane, ili nyumba iache makuti. Mara kwa mara, akiwa na furaha, Bashiru aliyagonga kwa vidole ayasikie yanavyolia, na Siti alipokuwa mdogo alikuwa akimcheka kwa hilo.

Mwinjuma mwenye duka aliyachukua yote kwa elfu ishirini kila moja.

"Ningekupa zaidi, ndugu yangu," alisema, "lakini nawe unaona una haraka."

Laki mbili na themanini kamili. Bashiru alizileta ofisini, zikahesabiwa mbele ya watu na watu wanne tofauti. Duarte hakutaka kuzipokea. Ashrafu alizipokea, akamtilia mkononi. Kesho yake asubuhi boti iliondoka na mbao zao. Nahodha alikuwa Bashiru yuleyule, maana kazi ni kazi. Njia nzima mpaka Nyamisati mzungu hakuinua macho kumtazama.

* * *

Siku ya kumi, wanawake watano wa kikundi walifika kwa Mwanawetu. Aliyetangulia ni Swaumu, mwenyekiti wao, shoga yake tangu usichana. Walikaribishwa mkeka. Walizungumza habari za mpunga, za mtoto wa fulani mwenye degedege, za bei ya sukari. Hakuna aliyegusa chai.

"Shoga," Swaumu alisema mwishowe, "tumekaa, tumeonelea sanduku la kikundi liwe linazunguka. Kila mtu akae nalo kidogo. Kukaa sehemu moja si vizuri, hata maafisa wa kata walisema."

"Walisema lini?"

"Zamani. Siye tulisahau tu."

Mwanawetu aliinuka, akaenda chumbani, akalivuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa na kufuli tatu, na funguo zote tatu zilikaa kwa wanawake wengine, sio kwake. Hajawahi kuwa na uwezo wa kulifungua. Alitaka kuwakumbusha hilo, akaona wanalijua. Akachana kipande cha khanga kuukuu, akakizungusha kiwe ngata, akamwekea Swaumu kichwani, akasaidia kulipandisha.

"Liko sawa?" aliuliza.

"Liko sawa, shoga. Asante."

"Muende vizuri."

Baada ya hapo vikaondoka vingine. Jirani alikuja kuomba hati yake ya shamba, ati anataka kutazama mipaka. Mjane alimtuma mjukuu kuchukua hereni, kuna sherehe. Pasipoti ilifuatwa na shangazi yake kijana wa Mafia, na huyo hata sababu hakutoa. Mwanawetu alivitoa kimoja kimoja. Kila aliyetoka alishukuru sana, zaidi ya inavyohitajika.

Alikonda. Akaacha kwenda kisimani asubuhi pamoja na wengine, akawa anakwenda adhuhuri, jua kali. Dukani kwa Mwinjuma, siku moja aliwekewa chenji yake juu ya meza na mwenye duka akamwambia, "Hesabu, Mama Siti, usije ukasema imepungua." Pengine ni maneno ambayo Mwinjuma humwambia kila mteja. Mwanawetu alichukua chenji bila kuitazama na akalia njia nzima.

Siti alipiga simu kutoka Ikwiriri. Fundi wake alikuwa amemsimamisha mpaka ada ilipwe, na msichana aliyelala naye chumba kimoja alikuwa wa Mchungani. "Mama," alisema, "eti ni kweli?" Mwanawetu akamwambia mwanawe kwamba mtandao haushiki vizuri, akakata.

Na mumewe? Bashiru hakurudia swali lake. Alikuwa mpole kuliko alivyokuwa zamani. Alimletea samaki wazuri, alimchotea maji, aliongea naye taratibu kama mtu anavyoongea na mgonjwa. Vuli ilipoanza kunyesha na makuti yakavuja, alihamisha kitanda bila neno moja juu ya mabati. Mwanawetu alitamani angalau amgombeze.

* * *

Mwishoni mwa mwezi wa kumi simu ya Bashiru ililia ujumbe akiwa anatengeneza mtumbwi. Aliusoma, akausoma tena, akaja mbio jikoni.

"Laki tano! Mama Siti, Ashrafu katuma laki tano!"

Kabla mkewe hajauliza kitu, simu ikaita. Alikuwa Ashrafu mwenyewe.

"Mzee Bashiru, umeona muamala? Basi sikiliza, ile ishu imejulikana. Jamaa alipofika kwao alienda benki yake akalalamika kuhusu tarehe ile. Wamefuatilia miezi mitatu. Ile mara ya tano, mashine ya Kibiti haikutoa hela. Iliunguruma tu ikamtemea kadi, lakini kwao ikaandika imetoa. Yeye alikuwa anachukua noti anazisokomeza kwenye bahasha, nyuma kuna foleni, mimi namharakisha tuwahi boti kabla maji hayajapwa. Hakuhesabu. Alitazama ujumbe kwenye simu akajua ndiyo hela yenyewe. Sasa benki imemrudishia. Laki nne yenu, na laki moja ameongeza. Anaomba msamaha sana, mzee. Kasema analala vibaya."

Bashiru alikuwa akirudia kila sentensi kwa mkewe, na kila aliporudia sauti ilipanda. "Alhamdulillahi! Mke wangu, alhamdulillahi!"

Mwanawetu aliweka mwiko chini. Akakaa juu ya kinu. Kwa hiyo laki nne haikuwahi kuwemo. Angezihesabu siku ile uani, noti kwa noti, mgeni anamwangalia, wangejua palepale, wangecheka, wangenywa chai. Mgeni alitaka. Yeye ndiye aliyemshika mkono kwa heshima.

"Nipe simu," alisema.

"Mama, shikamoo," alisema Ashrafu upande wa pili. "Pole sana kwa yaliyotokea. Ila fresh, Mungu kasimama."

"Marahaba. Ulinipeleka ofisini, mwanangu. Watu walijaa mpaka madirishani."

"Najua, mama."

"Njoo uwaambie."

"Mama, mimi niko Dar. Hela si nishatuma? Mwenyekiti nitampigia."

"Sikutaka hela. Hela mie sikukudai. Neno lile ulilisema kwa mdomo wako mbele ya watu, njoo uliondoe kwa mdomo wako. Nauli kata kwenye hiyo laki ya juu."

Bashiru alikuwa akimwashiria mkewe apunguze ukali.

"Jumapili," alisema Ashrafu. "Nitakuja Jumapili. Nauli nitajilipia."

Alikuja kweli, na hilo aandikiwe. Alisimama mbele ya ofisi ya kijiji, jua la saa tano, bila kofia, akaeleza habari ya mashine ya Kibiti tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakujipendelea. Alisema, "Mimi ndiye niliyesema twende ofisini. Mgeni hakutaka." Kisha akafungua simu akaweka sauti ya Duarte, maneno ya Kireno kwanza, halafu mwishoni, taratibu, kwa Kiswahili cha kukariri: "Mama Mwanawetu, samahani. Wewe mtu mzuri. Mimi mjinga."

Watu walicheka kidogo kisha wakaona si mahali pa kucheka. Mfaume alisimama akaomba radhi kwa niaba ya serikali ya kijiji, akasema yeye moyoni hakuwahi kuamini. Yule mgambo aliyesoma talaka aliomba radhi akitazama viatu vyake. Mwinjuma alisema mabati mawili bado anayo, atayarudisha kwa bei ileile, na mengine keshauza. Mjane alimshika mkono. Swaumu alilia kwa sauti, akasema sanduku la kikundi litarudi leoleo.

"Likae hukohuko, shoga," alisema Mwanawetu. "Mlisema linazunguka."

Watu wote walikuwa wanamtazama, wanangoja. Yeye macho yalikuwa makavu.

"Nimewasamehe," alisema. "Wote."

* * *

Walirudi nyumbani pamoja, yeye na Bashiru. Bashiru alikuwa mwepesi wa mwendo kwa mara ya kwanza tangu kusi. Alipiga hesabu njia nzima: ada ya Siti ilipwe kesho kwa simu, mabati mawili ya Mwinjuma yachukuliwe, yanayobaki wakanunue Kibiti, ingawa bei imepanda. Walipofika uani alivuta kigoda, akaketi, akanyoosha miguu.

"Yamekwisha, mke wangu."

Mwanawetu alikaa kwenye ngazi ya mlango. Alivua viatu, akavipanga pembeni.

"Baba Siti. Siku ile nyuma ya jiko, uliponiambia kama nimechukua nikwambie. Ulidhani nimechukua?"

Bashiru alikunja miguu yake. Angeweza kusema uongo. Siku yenyewe ilikuwa ya msamaha, na uongo mmoja mdogo ungepita bila mtu kuudai. Lakini alikuwa mtu wa kusema kweli, na ndiyo sababu Mwanawetu alikubali kuolewa naye baada ya talaka ya kwanza.

"Nilidhani," alisema. "Si sana. Lakini nilidhani."

"Kwa miezi yote hii?"

"Mpaka alipopiga Ashrafu."

Kuku alipita katikati yao, akadonoa donoa, akaenda zake.

"Na mabati ukauza," alisema Mwanawetu.

"Niliuza."

"Miaka mitatu uliyakusanya. Ukayauza yote kumlipia mwizi."

"Sikumlipia mwizi," alisema Bashiru. "Nilimlipia mke wangu."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka Mwanawetu, yale ambayo kijiji kizima kiliyangoja asubuhi na hakikuyapata. Alitaka kumchukia, akaona mabati kumi na nne yanaburutwa. Alitaka kumshukuru, akaona miezi mitatu ya samaki wazuri na sauti ya taratibu, na mtu anayelala ubavuni mwake akiamini analala na mwizi. Bashiru aliinuka kwenye kigoda, akasimama mbele yake, hakujua aweke wapi mikono. Asubuhi ile Mwanawetu alikuwa amesamehe watu wengi kwa neno moja. Kwa huyu mmoja, hakujua aanzie wapi.